Maji Haya Si Maji

Siku za mwisho za Mama, muuguzi alikuwa akija nyumbani kila asubuhi kumchoma sindano. Alilowesha pamba kwa spiriti, akampangusa mkono polepole, na Mama akageuza uso ukutani kama mtoto. Chumba kikaizoea harufu ile. Tulipokwisha kumzika na wageni wakatawanyika, nilikaa peke yangu kupanga kanga zake za kugawa, na katika mojawapo nikaikuta harufu ya spiriti imebaki kwenye pindo. Niliileta puani. Nilitazamia kulia, maana tangu msiba uanze sikuwa nimelia sawasawa. Badala yake nikacheka. Si kicheko cha sauti. Kilikuwa kile cha mtu aliyekumbuka jambo katikati ya hotuba ya Ijumaa, akalazimika kuuma ncha ya mtandio.

Nilichokumbuka ni karabai ya kwanza kuingia nyumbani kwetu, na uso wa Mama siku tuliyoiwasha. Nawasimulia ninyi wa rika langu, kwa sababu vijana ukiwatajia karabai inabidi kwanza uwaeleze pampu, na spiriti, na kile kifuko cha uzi mweupe kinachoshika mwanga, na ukimaliza kueleza hamu yote imekwisha.

Kwetu Kilwa Kivinje, enzi hizo za Mwingereza, nyumba ya kawaida iliwasha koroboi jikoni na fanusi sebuleni. Karabai zilikuwa msikitini, dukani kwa Mhindi na kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali. Sisi watoto tulikuwa tukisimama ng'ambo ya barabara mbele ya duka, tukiisikiliza taa ikivuma kama mzinga wa nyuki na kushangaa jinsi mwanga ulivyokuwa mweupe, hata mtu mweusi tii alionekana ana vumbi. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kama kile kinaweza kuwa cha mtu.

Baba alikuwa mpishi katika shamba moja la mkonge upande wa Mitwero, kule Lindi. Alikuja nyumbani kwa nadra, na masika hakuja kabisa kwa sababu barabara ilikatika. Nyumba ilishikwa na mama yake, Bibi yangu, mjane mwembamba mwenye sauti iliyofika kwa majirani bila yeye kuipandisha. Mama yangu alitoka Miteja. Aliolewa akaletwa kwa Bibi, na mpaka siku ya karabai sidhani kama aliwahi kumjibu Bibi zaidi ya "Naam, mama." Alipotaharuki alirudi kwenye Kimatumbi cha kwao, na Bibi akamwuliza kama nyumbani mle pana mgeni.

Mimi nilikuwa nasoma shule ya serikali. Wasichana tulikuwa wachache, tukikaa benchi la mbele ili wavulana wasituvute nywele. Bibi hakuipenda shule hiyo, na nikiwa mkweli sababu zake hazikuwa za kijinga. Aliona msichana aliyefika umri wangu anapaswa kuanza kukaa ndani, ajue kusuka mkeka, ajue kupika kwa ajili ya watu wengi, asionekane akivuka uwanja wa soko kila asubuhi na miguu wazi. Baba alipoulizwa alituma jibu kwa mdomo wa dereva wa lori: mambo ya mtoto wa kike aamue Bibi. Basi nikajua yamekwisha. Ilisubiriwa tu hitima ya mwaka ya Babu ipite, nami nitolewe shule. Asubuhi nilikuwa nikivaa gauni la shule kimyakimya, kama mtu anayevaa nguo ya kuazima.

Siku moja dereva yuleyule akasimamisha lori mbele ya nyumba, akashuka na sanduku la mbao.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwanangu hajui kuja mwenyewe, siku hizi anakuja kwa sanduku?"

"Barabara, Bibi. Hata mimi nimelala Nangurukuru kwa tope. Amewaletea taa. Kasema isomwe kwanza ndiyo iwashwe."

"Isomwe? Kwani msahafu?"

"Ina kitabu chake humo ndani. Kasema mtoto wa shule yupo, atasoma."

Bibi akanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mikono nyuma. Akasema bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha:

"Vizuri. Nimekuwa nikisikia shule, shule. Sasa nitaiona. Siku ya hitima ya babu yako, taa hii itawaka hapa uani mbele ya watu. Ikiwaka kwa kusoma kwako, nitafikiri tena. Isipowaka, hilo gauni utampa mtoto wa Siwema, na wewe utakaa na mimi hapa tusuke mkeka."

Bi Siwema alikuwa jirani yetu, na wakati huo alikuwa amekwisha fika, maana lori halikuweza kusimama kwetu asiwepo. "Mtoto wangu gauni litampwaya," akasema.

"Atakua," Bibi akajibu.

Taa yenyewe ilikuwa ya kung'aa, hata tukaona sura zetu zimevimba tumboni mwake. Pamoja nayo palikuwa na chupa ya spiriti, vifuko vya uzi vilivyokunjwa ndani ya karatasi, na kijitabu. Kilikuwa cha Kiswahili. Nilikipokea kwa mikono miwili na moyo ukanitulia, kwa sababu niliona herufi ninazozijua. Nilidhani kujua herufi ndiyo kazi yote.

Tulikaa mkekani, Mama upande wangu wa kulia, Bibi mbele yetu, Bi Siwema popote pale alipoweza kuchungulia. Nikasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya darasani.

"Taa njema ya mwanga mkubwa. Mwenye nyumba, furahi kwa utaratibu."

Bibi akainua macho.

"Afurahi vipi?" Bibi akauliza.

"Kwa utaratibu, Bibi."

"Endelea."

"Taa hii ni mtumishi mwema, lakini asichukuliwe kwa kichwa. Mtu aliye mpole atapata mwanga mpole. Mtu aliye na haraka aketi kwanza."

Bi Siwema akaanza kutikisika mabega. Bibi akakunja uso. "Huyu aliyeandika ni mtu wa wapi? Anasema kama aliyeamka na homa."

Hata leo sijui ni nani aliyekiandika. Maneno yote yalikuwa ya Kiswahili, hakuna hata moja ambalo sikulijua, lakini yakikaa pamoja yalikuwa kama wageni waliokutanishwa karamuni bila kutambulishwa. Nilipofika kwenye habari ya kile kifuko nilisita, nikadhani nimekosea, nikarudia: "Kifuko hiki kichomwe kwanza mpaka kiwe majivu, ndipo kifae. Kikiwa bado hakijaungua, hakina kazi."

"Soma tena," Bibi akasema.

Nikasoma tena.

"Nguo gani hiyo inayovaliwa baada ya kuungua?"

"Sijui, Bibi. Ndivyo kilivyosema."

"Ndivyo kilivyosema, au ndivyo ulivyosoma?"

Hapo Mama akanyoosha mkono, akakichukua kijitabu kutoka mapajani mwangu taratibu, akafunua ukurasa wa katikati. "Hapa pana picha," akasema. "Tufuate picha, wewe unisomee maneno ya chini yake."

Lazima niwaeleze kuhusu Mama na kusoma. Alikuwa msomaji mzuri. Alihitimu Kurani kwa mjomba wake huko Miteja, na barua kwa Baba aliandika mwenyewe, Kiswahili safi kwa herufi za Kiarabu, mistari imenyooka kama iliyopigwa rula. Herufi za shule hakuijua hata moja. Kwa hiyo pale mkekani tulikuwa wasomaji wawili, mmoja wa picha na mmoja wa maneno, na tuliona tumekamilika.

Picha zilikuwa nne, zimepangwa mstari mmoja, hazina namba. Mama aliweka kidole juu ya ile ya kulia kabisa. Ilionyesha taa inawaka na watu wameketi kuizunguka.

"Anza."

"Sasa jamaa wote watazamane bila taabu."

"Maana yake watu wakusanyike kwanza," Mama akasema. "Haiwashwi kwa mtu mmoja." Bibi akaitikia kwa kichwa. Hilo lilikuwa jambo la adabu, na aliliafiki.

Kidole kikaenda picha ya pili, mkono unasukuma pampu. "Hewa itiwe kwa nguvu mpaka mkono ukatae."

Kidole kikaenda ya tatu. Moto unawaka chini ya kifuko, na bwana mmoja mwenye masharubu amesimama kando, amekunja mikono kifuani. "Moto ufanye kazi yake. Mtu asifanye neno."

Kikaenda ya mwisho, mkono unamimina chupa kwenye kikombe kidogo kilichozunguka shingo ya taa. "Maji haya si maji, wala yasionyeshwe moto nje ya saa yake."

Hapo tukakwama. Bibi aliichukua ile chupa, akaitikisa, akaangalia kwenye jua. Kilichokuwemo kilikuwa cheupe kabisa.

"Si maji ni nini?"

Bi Siwema ndiye aliyetufungua. "Kwani maji ya kombe ni maji?" akasema. "Mwalimu anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, anaosha, unakunywa homa inashuka. Ukimwambia umekunywa maji atakufukuza. Na hawa nao wana yao. Ni ya kutuliza."

Tulitazamana. Ilikuwa wazi mno. Hewa inatiwa, moto unawaka na kufanya fujo yake, bwana mwenye masharubu anakaa kimya asitie neno, halafu saa yake ikifika moto unamiminiwa maji ya kuutuliza, nao unakuwa mwanga. Mama alifurahi hata akanibana shavu. Mimi nilifurahi zaidi. Usiku huo nililitandika gauni langu la shule chini ya mto ili linyooke.

Siku ya hitima mvua ilikaa mbali. Wanaume walisoma barazani, wanawake walijaa uani, na masufuria ya pilau yalikuwa yamekwisha pakuliwa na kuachwa kando ya jiko. Taa iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa katikati ya uani. Mafuta ya taa tulikuwa tumejaza wenyewe. Kwa hilo hakuna aliyehitaji kitabu. Kifuko Mama alikuwa amekifunga kwenye shingo ya taa kwa uzi wake, kikaning'inia kama soksi ya mtoto. Jua lilikuwa limezama na uso wa mtu kwa mbali ulikuwa hautambulikani vizuri.

"Wapo wote?" Bibi akauliza.

"Wapo."

"Haya. Mtazamane," Bi Siwema akasema, wanawake wakacheka.

Nilisimama na kijitabu wazi ingawa nilikuwa nimeyashika maneno kwa moyo. Nikasoma habari ya hewa. Mama akajifunga kanga kiunoni, akapampu. Alipampu mpaka mkono ukakataa. Taa ikaanza kutoa sauti ya kukoroma, na nikaona kifuko kimelowa, kinadondosha tone, halafu tone jingine. Kitabu hakikutaja matone.

Nikasoma habari ya moto. Mama akawasha kiberiti, akakisogeza.

Ule haukuwa moto wa kuwasha taa. Uliruka juu kwa mkoromo, mwekundu na moshi mweusi, ukapita kichwa cha Mama. Wanawake walirudi nyuma wote kwa pamoja, mikeka ikakunjana, mtoto wa mtu akaanza kulia. Juu yetu upande wa jikoni palikuwa na paa la makuti. Na Mama, ambaye uso wake ulikuwa umepigwa na moto ule wa kwanza, hakukimbia. Alirudi hatua, akakunja mikono kifuani, akasimama kama yule bwana wa picha. Alikuwa akifuata kitabu. Alikuwa akinifuata mimi.

Halafu akaona saa ya kutuliza imefika. Aliinama, akachukua chupa ya spiriti, akang'oa kizibo kwa meno, akaielekea ile taa.

Nitasema ukweli: sikuelewa hatari. Sikujua kwamba spiriti inawaka, hakuna aliyekuwa ameniambia. Ila zamu ya sentensi ile ilikuwa imefika, na mimi nilikuwa nimezoea kusoma zamu inapofika, basi nikaisoma, kwa sauti ya juu kabisa ya woga, mbele ya wanawake wote wa mtaa:

"Maji haya si maji!"

Mama akasita. Baadaye aliniambia kwamba jinsi nilivyolipigia ukelele lile neno, kwa mara ya kwanza lilimwingia kama lilivyo. Si maji. Akaiangalia chupa mkononi mwake. Harufu ya kizibo ilikuwa bado mdomoni. Akairudisha nyuma, akairusha mbali kwenye mchanga karibu na kisima, akasema neno la Kimatumbi ambalo sijaliuliza maana yake hadi leo.

Aliyezima moto ni Bibi. Alichukua sufuria kubwa la pilau kwa masikio yake mawili, akaja nalo mbio za kizee, akaifunika taa nzima pamoja na kinu kama mtu anayefunika kuku. Moto ulitoka pembeni kidogo, ukarudi ndani. Tulisikia taa ikikoroma humo chini, ikikohoa, halafu ikanyamaza. Uani pakawa giza na harufu ya mafuta na ukoko wa wali.

"Washeni fanusi," Bibi akasema.

Fanusi ilipowashwa tukamwona Mama. Nyusi zote mbili zilikuwa zimekwenda, na kope, na nywele za mbele zimejikunja kama uzi. Ngozi ilikuwa salama. Bi Siwema alimsogezea taa usoni, akamgeuza kushoto na kulia, akamgeukia Bibi: "Ngozi nzima. Ila mke wa mwanao ana uso kama yai."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha watu waliookoka, kirefu, na wengine walikuwa wakilia humohumo. Bibi hakucheka. Alinitazama, akatazama kijitabu mkononi mwangu, akaenda ndani. Sikuhitaji kuambiwa. Usiku ule nililitoa gauni chini ya mto, nikalikunja, nikaliweka juu ya kasha ili kulipokucha mtoto wa Siwema aje alichukue.

Asubuhi hakuja mtu. Ilikuwa siku ya mapumziko ya shule, na Mama alinikuta nimekaa nyuma ya jiko. Alikuwa amejipaka mafuta ya nazi usoni, na bila nyusi alionekana kama anayeshangaa kila kitu. Alikuwa na kijitabu. Akakaa chini kando yangu.

"Hizi herufi zenu," akasema, "mnaanzia wapi?"

"Kushoto, Mama. Kwenda kulia."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na picha je?"

Nikakitazama kijitabu.

"Hamkufundishwa picha?"

"Tulifundishwa herufi tu."

Akafunua ukurasa ule wa katikati. Akaweka kidole juu ya picha ya kulia, pale alipokiweka mara ya kwanza, mahali ambapo kidole chake kilikuwa kimeanzia kila ukurasa wa maisha yake. Kisha, polepole sana, akakivusha mpaka upande wa pili. Chupa inamimina. Moto unawaka, bwana amekunja mikono. Pampu. Watu wanatazamana.

Kila sentensi nilikuwa nimeisoma sawa, kutoka kushoto kwenda kulia, kama Mwalimu alivyotaka. Ila kutoka sentensi hadi sentensi nilikuwa nimefuata kidole cha Mama, nami, mtoto wa chuo cha Kurani pia, ambako ukurasa huanzia kulia, sikuona ajabu. Tuliisoma taa kuanzia mwisho.

"Mamangu wee," Mama akasema, akajishika mahali ambapo palikuwa na nyusi.

Nilidhani tutacheka, lakini hakucheka. Alisimama, akajifunga kanga, akanishika mkono mpaka barazani alipokuwa Bibi akisuka ukili wa mkeka.

"Mama," akasema. "Kidole kilikuwa changu."

Bibi hakuinua macho. "Kidole gani?"

"Cha kwenye kitabu. Mimi ndiye nilimwanzisha mwisho. Yeye alisoma kila neno sawasawa. Kama ni kosa, ni langu. Usimtoe shule kwa kosa langu."

Sikuwahi kumsikia Mama akitumia maneno mengi namna ile mbele ya Bibi. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho ndani ya mkono wangu. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa na uwezo wa kulijua kosa lile isipokuwa yeye, na kama angelificha ningekua nikiamini ni langu.

Bibi akasuka. Ukili ukaongezeka. Mwishowe akaniuliza mimi: "Na wewe hukuona kwamba umeanzishwa mwisho?"

"Sikuona, Bibi."

"Hukuona." Akakata ukili kwa meno. "Taa imekufa?"

"Kioo kimepasuka upande," Mama akajibu. "Vifuko vipo. Na spiriti haikumwagika yote."

"Jioni iwasheni tena. Mimi nitakaa na sufuria langu."

Siku nzima nilizunguka nyumba nikijaribu kusoma uso wake, na uso wa Bibi ulikuwa maandishi magumu kuliko kijitabu. Gauni lilikuwa bado juu ya kasha. Nilipita mara kwa mara kuliangalia kama limechukuliwa.

Baada ya swala ya magharibi tukakaa uani, sisi wenyewe tu na Bi Siwema, ambaye hakualikwa. Bibi alikaa kwenye kibao na sufuria kubwa mapajani, limefunuliwa mdomo, tayari. Mama aliniambia: "Anzia kwako." Nikaanzia kwangu, kushoto.

Spiriti ikamiminwa. Kiberiti kikawashwa. Ulikuwa moto mdogo wa samawati, mtulivu, karibu hauonekani. Mama akakunja mikono. Nami nikakunja. Bi Siwema naye akakunja, akatia na masharubu kwa ncha ya mtandio, na hapo nikamwona Bibi akiuma mdomo. Kifuko kikashika moto, kikajikunja, kikawa majivu meupe mbele ya macho yetu, kikabaki kinaning'inia.

"Kimeungua," Bibi akasema.

"Ndivyo kilivyosema, Bibi."

Moto wa samawati ukakaribia kufa. Mama akapampu taratibu. Yale majivu yakaanza kuwa mekundu, kisha ya manjano, halafu pah, uani wote ukawa mweupe. Taa ikavuma. Niliona kila kitu kwa mara moja: nyufa za kinu, kuku wamekaa juu ya ukuta, meno ya Bi Siwema, mikunjo ya mikono ya Bibi juu ya sufuria. Nilimwona Mama na uso wake usio na nyusi, unang'aa kwa mafuta ya nazi, na alikuwa akinitazama mimi, si taa.

Tulitazamana kweli, bila taabu, kama alivyoandika yule mtu wa homa.

Bibi alilishusha sufuria chini. Alikaa muda akiangalia mwanga ule, akigeuza viganja vyake, upande huu na upande huu, kama mtu anayekagua bidhaa. Hata sasa sijui alichokuwa akifikiri. Sijui kama ni kusoma kulikomgeuza, au ni zile nyusi, au ni yale maneno ya Mama pale barazani. Hakutuambia, nasi hatukuuliza, na nilisoma hadi darasa la nne, basi, lakini nilisoma.

Alinyanyuka, akajikung'uta kanga.

"Zimeni sasa," akasema. "Mtoto ana shule kesho."

Mama akafungua skrubu ndogo ya pembeni. Hewa ikatoka polepole kwa mlio mrefu, mwanga ukashuka, ukawa wa manjano, ukawa mwekundu, ukazimika. Gizani nikasikia mtu anacheka kwa kujizuia, mkono mdomoni. Nilidhani ni Bi Siwema. Alikuwa Mama.